Kufuli Dhaifu kwa Wengine

Amani ya raia hulindwa pia na sauti zipitazo hewani. Askari aombaye msaada, mhudumu wa gari la wagonjwa atajaye nyumba ya mgonjwa, fundi wa umeme aelekezaye wenzake: wote hao hutegemea redio za mawasiliano, ambazo wengi wetu huziita redio koli. Neno likisemwa wazi hewani, mwenye chombo cha kunasia atalisikia, awe na nia njema au mbaya. Ndiyo maana maneno hayo hufumbwa kwa hesabu maalumu, yafumbuliwe na mwenye ufunguo tu. Nasi twauliza: je, anayeuziwa kufuli hilo huambiwa ukweli juu ya nguvu yake?

Swali hili si la mafundi peke yao. Mfumo uitwao TETRA, uliotungiwa kanuni katika miaka ya 1990 na ETSI, taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano, umeenea katika nchi zaidi ya 100. Ndani yake mna aina kadhaa za ufumbaji. TEA2 iliwekwa kwa ajili ya polisi na huduma za dharura za Ulaya. TEA1 ilikusudiwa biashara na kuuzwa nje. Hesabu zenyewe zilifanywa siri. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi, wa kampuni ya Midnight Blue, walitangaza kwamba ndani ya TEA1 ufunguo wa biti 80 hupunguzwa hadi biti 32. Kila biti huongeza maradufu idadi ya funguo zinazowezekana. Basi zilizobaki ni bilioni 4 na ushei tu, na kompyuta ya kawaida huweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi.

ETSI ilikataa kwamba huo ni mlango wa siri, ikaeleza kuwa nguvu ya ufumbaji ilifuata sheria za kuuza bidhaa nje. Tunakubali kwamba serikali zina haki ya kusimamia biashara ya vyombo vya usalama. Lakini kupunguza nguvu ni jambo moja, na kumficha mnunuzi ni jambo jingine. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tena udhaifu huo haumtambui mwema wala mwovu: penye upenyo wa mpelelezi, mhalifu naye hupita.

Tangu mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alifundisha kwamba usalama utegemee ufunguo, wala si kuficha jinsi mtambo ulivyoundwa. ETSI yenyewe, mwishoni mwa mwaka 2023, iliamua kuziweka hesabu hizo hadharani. Uamuzi huo ni mwema, ingawa ulichelewa.

Hata hivyo, kufumba maneno pekee hakutoshi. Lazima mtambo umjue anayeutumia. Agosti 2023, nchini Poland, treni zipatazo 20 zilisimamishwa kwa ishara ya redio iliyotumwa bila idhini. Ishara hiyo ilikuwa milio mitatu tu, na mtambo haukuuliza nani anaituma.

Kwa hiyo hatuna budi kudai mambo manne. Kwanza, mnunuzi aelezwe kwa maandishi aina ya ufumbaji na udhaifu wake unaojulikana. Pili, wanaotumia TEA1 kwa mambo nyeti wahamie kwenye ufumbaji imara zaidi. Tatu, kila redio itambulishwe kabla ya kuingia katika mtandao. Ikipotea ifungwe mara moja, na funguo zibadilishwe. Nne, mazungumzo ya vyombo vya dola yarekodiwe na kuhifadhiwa, ili mahakama iweze kuyasikiliza panapotokea malalamiko.

Dai hili la nne wengine hulisahau. Pazia limsitirilo mgonjwa laweza pia kumficha askari anayempiga mtuhumiwa. Usiri ni halali unapomlinda mnyonge. Ukimkinga mwenye nguvu asiulizwe, umegeuka kuwa dhuluma.

Ndugu wasomaji, vyombo hivi hununuliwa kwa kodi zetu. Tuwaulize viongozi wetu wamenunua kufuli la namna gani, na ni nani mwingine aliye na ufunguo wake.