Tusiseme soneti kama somo la kalasi

Kila mara mchezaji wa hapa Lubumbashi anapopanda jukwaani na soneti ya mapendo, tunajua mbele atakachofanya. Anasimama wima, anakaza shingo, anainua mkono, sauti inakuwa ya mtu wa radio. Kifaransa chake ni safi kabisa. Watu wanapiga makofi kwa heshima. Lakini mapendo iko wapi?

Tuchukue Ronsard, ule wengi wetu tulimusoma ku masomo. Mwaka 1578 alitoa soneti zake kwa Hélène. Yeye alikuwa amepita miaka 50. Hélène alikuwa msichana katika nyumba ya Catherine de Médicis, mama wa mfalme. Katika moja ya soneti hizo mzee anamwambia: siku moja na wewe utazeeka, utakumbuka kama mimi nilikuimba, utajuta vile ulinizarau. Kwetu, papa wa miaka 50 akimwambia msichana maneno kama hayo, lupango muzima utageuka kusikiliza! Ndani yake kuna kiburi, kuna woga wa kufa, kuna kuomba. Sasa juu ya nini mchezaji anasema yote kwa sauti moja, kama anasoma tangazo?

Dawa iko karibu. Groupe Mufwankolo, walipotayarisha «Le pouvoir se mange entier» mu 1986, hawakuanza na kitabu. Walianza na msemo, wakabishana juu ya maana yake, kila mmoja akatafuta maneno yake mu Kiswahili chetu. Njo vile maneno ilitoka mu mtu, haikutoka mu karatasi.

Mchezaji wa soneti afanye vilevile. Kabla ya kugusa Kifaransa, aeleze jambo lote mu Kiswahili cha nyumba, kwa mtu mmoja anayekaa mbele yake: «We mama, leo unanizarau, lakini miaka inapita…» Akishindwa kusema vile, bado hajaelewa anachotaka yule mzee. Kisha arudilie mistari yake 14, bila kubadili hata neno moja. Silabi 12 za kila mstari zitabaki, na pale katikati, sita kwa sita, sauti itapumzika kwa sababu moyo unapumzika, si kwa sababu mwalimu alisema.

Wengine watasema kuleta soneti mu Kiswahili ni kuichafua. Hapana! Ronsard mwenyewe na rafiki zake walipigania kuandika mu lugha ya kwao, wakati wasomi wengi walishikilia Kilatini.

Tuseme ukweli: tunachoogopa ni haya. Mu Kifaransa tunajificha; mu Kiswahili tunaonekana. Mchezaji anayekubali kuonekana, ule njo tutalipa tiketi kwenda kumusikia.