MGENI SIKU MBILI, YA TATU MPE JEMBE

Ndugu wanachama,

Nendeni stesheni ya Mpanda mkaitazame ile reli. Ni kilometa 210 kutoka Kaliua. Mkoloni Mwingereza aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940. Je, aliijenga ili mkulima wa Mpanda auze mahindi yake? Hata kidogo! Aliitaka risasi, madini yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kazi zikaisha, mashimo yakabaki. Hiyo nayo iliitwa maendeleo!

Reli tuliirithi, tukaifanya njia yetu ya kwenda Tabora. Lakini aliyechora ramani yake hakutuuliza neno. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu leo: mwenye kuandika mpango ndiye mwenye mali. Sisi tusioandika tutabaki vibarua, hata kama fedha zinaitwa msaada, mkopo au ushirikiano.

Wako wanaonong'ona kwamba maskini hachagui. Uongo mtupu! Mwaka 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya ndugu zetu wa Rhodesia, na mkopo wa paundi milioni 7.5 ukazuiwa. Tulikuwa maskini kuliko leo, lakini tulichagua. Miaka miwili baadaye Azimio la Arusha likatuonya kwamba anayetegemea fedha za wengine hujiwekea rehani uhuru wake.

Basi je, kila msaada ni sumu? La. Tazameni Katumba na Mishamo, hapa hapa kwetu. Wakimbizi wa Burundi walipoingia kuanzia 1972, hawakuwekwa kambini kungoja posho milele. Taifa lilitoa ardhi. Umoja wa Mataifa na mashirika ya makanisa yakasaidia barabara, visima, shule na zahanati. Familia zikapewa mashamba, zikalima, zikajilisha na kuuza ziada. Kazi ilipofika mwisho wake, wafadhili wakakabidhi makazi hayo kwa Serikali. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakakabidhiwa uraia wa Tanzania. Msaada ule ulikuwa na jembe, na ulikuwa na siku ya kwisha. Huo ndio msaada wa mtu na mwenzake.

Sasa linganisheni na msaada usio na mwisho. Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi karatasi moja Washington, na misaada ya nchi yake ikasimamishwa dunia nzima. Julai mwaka huo shirika lao, USAID, likafungwa. Mgonjwa wa Afrika aliyekuwa akitegemea dawa zile hakupiga kura katika uchaguzi wa Marekani. Nguo ya kuazima haisitiri!

Ndugu, jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1994 Serikali na wafadhili waligombana vikali juu ya kodi zisizokusanywa. Kikaundwa kikundi cha wachunguzi chini ya Profesa Gerald Helleiner wa Kanada, nao Lipumba na Ndulu wa kwetu walikuwamo. Ripoti yao ya 1995 haikumbembeleza mtu. Ilisema Serikali imelegea, na wafadhili wameshika usukani kupita kiasi; Watanzania wawe wenye mipango yao. Maneno ya kweli kabisa! Lakini hata uchunguzi huo uligharimiwa na Denmark. Utafiti ni jicho. Anayekuazima jicho, siku moja atalidai.

Kwa hiyo tusiishie kulaani mabeberu huku tumekunja mikono. Hata lami ya kutoka Tabora hadi Mpanda, ambayo tunaifurahia, imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo si sadaka. Utalipwa kwa jasho la mkulima wa mpunga na tumbaku. Ana haki ya kujua.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, kila mradi unaoingia Katavi usomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji: nani anatoa, kiasi gani, kwa riba gani, na utakwisha lini. Pili, kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, itajwe fedha ya kuutunza baada ya mgeni kuondoka. Tatu, utafiti wa uchumi wetu ulipiwe na kodi yetu, uanze shambani na sokoni Mpanda, wala usianzie hotelini Dar es Salaam.

Kiongozi atakayekasirishwa na maswali haya, muulizeni anamtumikia nani.

Na wewe, mwanachama, usimsubiri kiongozi. Mkutano wa kijiji ujao, simama uulize. Mgeni tunamkaribisha, lakini siku ya tatu ashike jembe, na shamba libaki letu.

UHURU NA KAZI!