Mcheza Kwao Hutunzwa: Sinema za Kuangalia Nyumbani

Mwaka 1962 ilitoka Marekani sinema iitwayo Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuchezwa na John Wayne. Jina lake ni la Kiswahili, mbuga zake ni za kaskazini ya Tanganyika, na vifaru na twiga wanaofukuzwa kwa magari ndani yake ni wa kwetu. Kabla yake, mwaka 1959, Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitengeneza sinema juu ya Serengeti ambayo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Michael hakuiona tuzo hiyo. Alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na babaye akazikwa hapo hapo baada ya kufariki mwaka 1987. Kisha mwaka 2022 ikazinduliwa The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alimtembeza mwandishi wa Kimarekani, Peter Greenberg, katika nchi yetu, Ngorongoro ikiwemo na Zanzibar ikiwemo.

Hapana shaka sinema hizo zina faida yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hakuna kati ya hizo tatu iliyokusudiwa kuingia katika nyumba ya mtu wa Karatu wakati wa jioni, ikamwonyesha baba, mama, bibi na watoto wakizungumza mambo yao. Zilikusudiwa kumwonyesha mtu wa mbali uzuri wa mahali. Aishiye mahali hapo amebaki nyuma ya picha.

Ndugu msomaji wa Visiwani asidhani kwamba hayo ni mambo ya bara yasiyomhusu. Ngorongoro iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Kijana wa Karatu huendesha gari la watalii, na kijana wa Nungwi au Paje huwahudumia watalii hao hao wafikapo pwani. Wote wawili hupigwa picha kila siku na watu wasiojua majina yao. Wote wawili hurudi nyumbani usiku wamechoka, nyumba imekwisha kula, na watoto wamekodolea macho televisheni. Swali la watoto hao wanaangalia nini ni letu sote.

Sisi wa Visiwani hatuna udhuru wa kusema kwamba jambo hili ni geni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, na wenzetu wa bara wakasubiri mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo wazee wetu walijaza majumba ya sinema kama Majestic na Empire, wakilia na kucheka pamoja katika picha za Kihindi za Raj Kapoor. Picha zile zilikuwa za kigeni, lakini zilizungumza juu ya mama na mwana, deni, heshima na ndoa, na watu walikwenda na jamaa zao. Walipotoka waliendelea kuzijadili barazani. Kuwajua wahusika ilikuwa nusu ya starehe, na nusu ya pili ilikuwa kubishana kama walitenda haki.

Leo majumba yale kwa sehemu kubwa yamefungwa, na sinema imehamia ndani ya ving'amuzi na simu za mkononi. Kila mtu ana yake. Baba huangalia mpira, mama tamthilia ya Kituruki au ya Kifilipino, na kijana amejifungia na picha za risasi na damu zilizotafsiriwa kwa mzaha. Watu watano wamo katika nyumba moja, na hapana aonaye anachokiona mwenziwe. Hasara hii ni kubwa kuliko ile ya picha mbaya moja moja, maana picha mbaya ikionekana na wote huweza kusahihishwa na mkubwa aliyepo.

Kwa hiyo safu hii inapendekeza sinema chache zifaazo kuonwa na jamaa nzima, au na watu wazima wa nyumba pamoja. Kipimo chetu ni chepesi. Je, baada ya picha kwisha, nyumba ina neno la kuzungumza?

Ya kwanza ni Supa Modo, iliyotoka Kenya mwaka 2018, kazi ya Likarion Wainaina. Binti mdogo aitwaye Jo ni mgonjwa, na ugonjwa wake hauna dawa. Mama yake anamtoa hospitali ili siku zake zilizobaki azimalize nyumbani. Dada yake anawashawishi wanakijiji wamsaidie mtoto aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na mwishowe kijiji kizima kinatengeneza sinema kwa ajili yake. Watoto wataipenda kwa sababu ya mchezo, na wakubwa watafuta machozi. Mzazi asiyejua namna ya kumweleza mtoto habari za kifo atapata hapa pa kuanzia.

Ya pili ni The First Grader ya mwaka 2010, inayomhusu Kimani Maruge, mzee wa Kenya aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure. Ina sehemu za mateso ya wakati wa Mau Mau zisizofaa kwa watoto wadogo sana. Lakini kwa kijana anayetaka kuacha shule akawabebee watalii mizigo, mzee yule ni hoja tosha.

Ya tatu inatoka mbali, Irani, nayo ni Children of Heaven ya Majid Majidi ya mwaka 1997. Mvulana amepoteza viatu vya dada yake, na nyumba haina fedha. Basi watoto wale wanavaa jozi moja kwa zamu, mmoja akikimbia kutoka shule ili mwenziwe awahi yake. Hakuna tajiri mwovu ndani yake wala bastola. Kuna baba mwenye haya, na watoto wanaomwonea huruma baba huyo wakamfichia taabu yao. Lugha ni Kiajemi, na maneno huandikwa chini kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto mkubwa aliyesoma na amsomee bibi kwa Kiswahili, na kule Karatu kwa Kiiraqw au Kimaasai ikibidi. Kazi hiyo yenyewe itamfundisha.

Za nyumbani kwetu nazo zipo. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyotengenezwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ni fupi, na inamhusu mwanamke mgonjwa anayewaogopa waganga wa jadi kwa sababu za utotoni mwake. Martin Mhando na Mulvihill wakaendeleza njia hiyo katika Maangamizi, ambayo mwaka 2001 ilikuwa sinema ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania Oscar. Ya pili kupelekwa ilikuwa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na kupelekwa mwaka 2022. Hii ni ya kwetu hasa. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, na inaonyesha Zanzibar ya miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, kwa macho ya Yasmin aliyekimbia ndoa na Denge mpigania uhuru. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, inasimulia mambo ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, yakiwemo mapigo ndani ya ndoa. Hizi mbili za mwisho ni za watu wazima. Watoto na walale kwanza, kisha mume na mke waziangalie pamoja.

Hata Hatari! yaweza kuangaliwa, ila mkubwa awepo. Amweleze mtoto kwamba wanyama wale walikuwa wakikamatwa wapelekwe kwenye mabustani ya ng'ambo, na amuulize: wenyeji wa pale wako wapi? Kule chuoni tulifundishwa kwamba maandiko husomwa mbele ya mwalimu, ili makosa ya msomaji yapate wa kuyarudi. Picha nayo ni maandiko, na mwalimu wake ni mzazi.

Sasa tuwaelekee wenzetu walio katika ofisi za Serikali. Sheria iliyounda Hifadhi ya Ngorongoro mwaka 1959 ilikusudia watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Tangu mwaka 2022 familia kadhaa zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Mtu awe na maoni yoyote juu ya jambo hilo, iko siku watoto wa familia hizo watauliza maboma ya babu zao yalikuwaje, na watu walizungumza nini jioni. Tukiendelea hivi, jibu watakalopewa ni picha ya simba. Kadhalika vitunguu vya Mang'ola, mashamba ya kahawa ya Karatu, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, na nyumba ambayo baba yake huondoka na watalii wiki nzima: haya yote ni sinema zinazosubiri watu wa kuzitengeneza.

Yafaa basi Shirika la Utangazaji Zanzibar na lile la Taifa yatenge jioni moja kwa wiki kwa sinema za jamaa za Afrika Mashariki, saa ambayo watu wapo nyumbani. Yafaa Bodi ya Filamu, na chombo chake cha upande wa Zanzibar, vieleze kwa Kiswahili chepesi kila sinema inamfaa mtu wa umri gani, ili mzazi asilazimike kukisia. Na yafaa sehemu ya fedha ziletwazo na kreta na fukwe iwasaidie vijana wa Karatu na wa Visiwani waliokwisha kujifunza kushika kamera. Tamasha la filamu la Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1997 limekwisha kuonyesha kwamba watu wetu huja wakiitwa.

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Wachezaji tunao, na kwao ni hapa. Kilichobaki ni sisi kukaa tuwaangalie, na wenye mafungu kuwatunza.