Bell Hakupiga Tembo kwa Risasi Laini

Mwandishi wa makala moja anadai risasi yoyote yenye kasi yatosha kwa nyati, ati kwa kuwa mwindaji W.D.M. Bell, yule wa Karamoja, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7.

Kasi ndiyo huiponza risasi laini, ile inayotanuka: ikigonga bega la nyati kwa karibu, yaweza kupasukia juu juu, mnyama akazama kichakani na jeraha lake na hasira zake. Lakini kituko hasa ni huyo Bell. Mwandishi kaona udogo wa bunduki, hakuona kilichotoka mtutuni: risasi ngumu ya takriban gramu 11, ndefu kwa wembamba wake, imevikwa ganda la chuma, haitanuki. Ndiyo maana ilipenya fuvu. Wala haikuwa na kasi ya ajabu. Tena Bell alikata mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi. Mwandishi wetu amekata nini, katalogi?

Na nyati akijeruhiwa, anayetangulia kichakani kufuata damu ni mfuatilia nyayo, si mwandika makala.