TUPATANE KWANZA JUU YA MIZANI



Bajeti shirikishi si jambo geni Kivu ya Kusini. Katika miaka ya 2010 raia waliitwa, hata kwa ujumbe wa simu, waje wachague kazi za kufanywa kwa fedha za komine. Haki hiyo twaipenda. Lakini kunyoosha mikono peke yake hakutoshi: mwenye sauti kubwa huvuta wengi, na kaya chache za mteremkoni hushindwa.

Sisi twasema hivi: kabla ya kutaja kazi yoyote, mkutano upatane juu ya vipimo na uzito wake. Tuseme kuokoa maisha ni 5, wingi wa watakaofaidika 3, unafuu wa gharama 2. Kisha kila mjumbe atoe alama zake peke yake, toka 1 mpaka 5. Zizidishwe kwa uzito, zijumlishwe mbele ya watu wote.

Tazameni mfano. Soko limepata 2, 5 na 3. Korongo linalokula nyumba limepata 5, 2 na 2. Bila uzito, soko lashinda, 10 kwa 9. Kwa uzito, korongo lashinda, 35 kwa 31. Alama ni zile zile.

Basi, apangaye uzito ndiye aamuaye. Ukipangwa ofisini, kura yetu ni kivuli tu. Wananchi, tudai uzito upangwe mkutanoni, mbele ya macho yetu. Mvua haingoji!