Masega yanauzwa, moshi unabaki: Nani atapima gari za Mabamba?

Gari ndogo inayopakia abiria Mabamba kwenda Kibondo mjini inaweza kupita ukaguzi wote wa barabarani huku haina kifaa cha kusafisha moshi wake. Tairi ziko sawa, taa zinawaka, breki zinashika. Askari hana sababu ya kuinama kuchungulia uvunguni.

Kifaa chenyewe mafundi wanakiita masega, kwa vile ndani kina matundu madogo kama sega la nyuki. Kwa Kibondo, kwenye wafugaji wa nyuki, jina hilo halihitaji maelezo.

Kuta za matundu hayo zimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndiyo yanayogeuza kaboni monoksidi, gesi inayoua bila harufu, na kupunguza gesi nyingine zinazochoma mapafu.

Madini hayohayo ndiyo balaa lake. Machi 2021 bei ya rodiamu ilivuka dola 29,000 za Marekani kwa wakia moja. Baadaye ilishuka sana, lakini masega bado ni mali. Fundi akishasema "gari haivuti, masega yameziba", ushauri unaofuata mara nyingi ni kuyatoa. Mwenye gari anapata chochote, na kilima kinapandika.

Kuziba kwenyewe huwa ni kweli. Plagi ikiwa mbovu, petroli isiyoungua inaingia kwenye masega, inaungulia humo na kuyayeyusha. Injini inayokula oili nayo inayaziba kidogo kidogo. Kwa hiyo kuyatoa ni kumpa mgonjwa panadol. Ugonjwa uko kwenye injini.

Gari nyingi za miaka ya karibuni zinajikagua zenyewe. Kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada yake. Masega yakiwa mazima, ile ya nyuma inatulia. Yakichoka, inaanza kupanda na kushuka kama ya mbele, taa ya injini inawaka, na mashine ya fundi inasoma kosa P0420.

Lakini gereji wana dawa yake. Sensa ya nyuma inavutwa kidogo nje ya bomba kwa kipande cha chuma, inasoma hewa iliyotulia, na dashibodi inaonyesha gari nzima.

Ndiyo maana macho hayatoshi. Lori bovu la dizeli linajitangaza kwa moshi mweusi. Gari ya petroli isiyo na masega inaweza isitoe moshi wa kuonekana kabisa. Inahitaji mashine ya kupima gesi kwenye ekzosi, injini ikiwa ya moto.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za ubora wa hewa za 2007 zinagusa pia moshi wa magari. Kazi iko kwenye kupima. Rwanda ilianza Agosti 2025, kipimo cha moshi kikaingizwa kwenye ukaguzi wa magari. Na Rwanda si Ulaya: ukiwa Kibondo, Rusumo ni karibu kuliko Dar es Salaam.

Kisingizio cha mafuta mabaya nacho kimepungua nguvu. Petroli ya risasi, sumu kubwa ya masega, iliondoka kusini mwa Sahara kufikia 2006. Tangu 2010 mafuta nchini yanawekwa vinasaba ili kuwabana wachakachuaji. Mafuta ya madumu kando ya barabara ni habari nyingine.

Kipimo kikija, swali gumu ni nani aumie kwanza. Mwenye gari wa Mabamba huenda ni mmiliki wa tatu au wa nne, na masega yalishauzwa kabla hajaiona. Kuanza na faini barabarani ni kumwadhibu asiyekula hela.

Haki zaidi ni kuanzia bandarini, gari iliyotumika inaposhushwa, halafu pale kadi inapobadilishwa jina: muuzaji aonyeshe cheti cha moshi ndipo umiliki uhame. Hapo gari isiyo na masega itashuka bei mkononi mwa aliyeyatoa, na fundi ataulizwa kwanza habari za plagi.