Ua Lisilonukia si Waridi

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui wangesema nini leo wangepita Morogoro mjini na kuona maua ya plastiki yamening'inizwa milangoni mwa maduka, mekundu, ya manjano na hata ya bluu, yakijitembeza mbele ya kila mpita njia. Bluu! Nani kati yetu aliwahi kuona waridi la bluu likichanua?

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisomea ualimu Kigurunyembe, nikafundisha, nikawa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na sasa nimeshapita miaka sabini. Nyumbani kwangu Matombo ninayo miwaridi tisa ya kizamani. Maua yake yamejaa petali kama kabichi changa, na harufu yake hukufikia kabla hujaliona ua lenyewe. Kwa ajili ya miwaridi hiyo nimeitwa mzee asiye na kazi. Nimeambiwa maneno matatu: kwamba maua hayaliwi, kwamba waridi ni mambo ya Kizungu, na kwamba siku hizi yapo ya plastiki yasiyonyauka. Nataka kuyajibu yote matatu.

Lakini kwanza sharti nikiri kosa langu. Mwishoni mwa mwaka 1974 nilikuwa kijana, mwalimu mpya. Nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa chakula, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ilikuwa imepamba moto. Mbele ya ofisi ya shule niliyopangiwa palikuwa na safu ya miwaridi ya siku nyingi. Hakuna aliyeniamuru. Mimi mwenyewe, kwa bidii ya ujana, niliwaongoza wanafunzi wenye majembe tukaing'oa yote na kupanda mahindi. Ngedere walikula nusu, tukavuna madebe matatu. Siku ile ya kung'oa, mama mmoja wa jirani alisimama kando akitazama. Tulipomaliza akaokota vijiti viwili kwenye takataka. Nilimuuliza atavifanyia nini. Akasema, "Wewe mwalimu umeng'oa, mie naokota." Akavichomeka nyuma ya bafu lake, pale yanapotiririka maji machafu.

Miaka mitano baadaye nilimwoa binti yake. Miwaridi yangu yote tisa imetokana na kijiti kimoja cha mama mkwe wangu.

Sasa nijibu. Wanasema maua hayaliwi. Nani anasema hivyo? Mtu wa Matombo! Sisi ambao katika milima hii ya Uluguru tunapanda karafuu, mdalasini na pilipili manga, tuliosomesha watoto kwa fedha ya vitu vinavyonukia, ndio leo tuseme harufu haina thamani? Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Tungekuwa wakweli tungesema kwamba harufu inayouzwa tunaiheshimu, ila ile ya kufurahisha moyo tunaiona upuuzi. Hoja ni nyingine kabisa, tuache kulisingizia tumbo.

Tena waridi linaliwa, kwa maana ya kuwalisha watu. Mashamba ya Arusha, na ya Naivasha nchini Kenya, hukuza mawaridi katika vitalu nyumba na kuyapeleka Ulaya kwa ndege, mengi yakipitia Uholanzi. Siwalaumu wanaofanya kazi humo. Lakini chukua ua moja la namna ile ulinuse: mara nyingi hutasikia kitu. Limechaguliwa kwa urefu wa kikonyo, kwa kustahimili safari na kwa kukaa siku nyingi ndani ya chombo cha maji. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walieleza kwamba sehemu kubwa ya harufu ya waridi hutegemea kimeng'enya kimoja ndani ya petali, na kwamba katika mawaridi yasiyonukia kimeng'enya hicho karibu hakifanyi kazi. Watu walichagua sura kizazi baada ya kizazi, harufu ikaachwa njiani. Nami niliyechagua walimu na viranja kwa miaka mingi najua kosa hilo lilivyo rahisi.

Wanasema pia ni mambo ya Kizungu. Basi na watuambie neno waridi limetoka lugha gani. Ni neno la Kiarabu, na lilikuwa limezoeleka pwani yetu kabla ya meli za Wajerumani. Unguja wanawake hutia petali za waridi kwenye vikuba pamoja na asumini na mrehani. Huko Oman, katika Jabal Akhdar, wakulima huchuma mawaridi kila majira ya kuchipua na kuyachemsha kupata marashi. Hapa kwetu jirani zangu Waislamu hunyunyiza marashi hayo kwa mrashi kwenye maulidi, na mimi Mkristo nilikuwa mmoja wa watoto waliomwaga petali njiani siku ya maandamano ya Ekaristi. Kuna na jambo jingine. Moja ya jamii maarufu za waridi la kizamani ilizaliwa katika bahari yetu hii ya Hindi, kisiwani Bourbon, kinachoitwa sasa Réunion, mwanzoni mwa karne ya 19. Waridi la China linalochanua mara kwa mara lilikutana na waridi la Damasko lenye harufu nzito, katika ua za mashamba ya kisiwa kile. Ndipo Ulaya ikaletewa mbegu kutoka huku. Na ni kutoka kisiwa hicho hicho walikotoka wamisionari Wakatoliki walioingia Unguja mwaka 1860. Msomaji ajumlishe mwenyewe.

Nimebakiza la plastiki. Mke wangu alipofariki, vijana wa kamati ya mazishi walileta mashada ya plastiki yaliyofungwa kwa nailoni. Mimi niliamka alfajiri nikakata mawaridi ya mama yake, nikayafunga kwa ugomba. Kijana mmoja akaniambia kwa upole, "Babu, hayo yatanyauka kesho." Nikamjibu kwamba ndiyo maana nayaleta. Yale mashada yao yangalipo, yamepauka na kuchanika, na kila masika vipande vyake hushuka na maji kuelekea Ruvu, mto unaonywewa na watu wa Dar es Salaam. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, tukatii. Kwa nini basi tunaendelea kuwafunika wapenzi wetu kwa kitu kile kile, kwa sababu tu kimepakwa rangi? Anayependa lisilonyauka anakwepa kazi ya kurudi. Mimi hurudi kila Jumamosi, kwa sababu ya Jumamosi iliyopita yameshanyauka.

Wala kazi yenyewe si ngumu. Mwanzo wa masika kata tawi lililokwisha kuchanua, nene kama penseli, refu shubiri moja, mkato uwe chini kidogo ya jicho. Acha majani mawili ya juu, zamisha theluthi mbili udongoni penye kivuli chepesi, wala usilivute kuangalia mizizi. Mche ukishika, uhamishie penye jua la asubuhi, maana upande huu wa mashariki mvua ni nyingi na adui yetu ni ukungu unaotia madoa meusi kwenye majani. Achanisha mimea hatua mbili, mwagilia shina badala ya majani, na majani yenye madoa yaokote uyachome. Tia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Vidukari waoshe kwa maji ya sabuni. Masika yakiisha pogoa matawi makavu na yanayosuguana. Ukitaka harufu, chuma kabla jua halijapanda.

Sisi Waluguru ardhi tumeipata kwa upande wa mama. Mwaridi nao umenijia hivyo hivyo, kutoka kwa mama aliyeokota nilichotupa. Nimewapa kijiti binti zangu wawili. Walimu wakuu wa shule za tarafa hii nao nawaambia: mbele ya ofisi zenu pana nafasi. Njooni Machi na kisu chenye makali, vijiti ni bure, na nitakuja mwenyewe kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kupanda. Nina deni la safu moja nzima, na sijamaliza kulilipa.